"Usile" Ina Maana Gani? Kiswahili cha Maelekezo katika Upimaji wa Homoni Mjini Mwingi

Utangulizi

Makala haya yanachunguza agizo moja lililotolewa katika kliniki moja mjini Mwingi, Kaunti ya Kitui, ambako mwandishi alimsindikiza shangazi yake kupimwa damu. Hoja yetu ni kwamba mgonjwa hutatizwa si na istilahi ngumu tu, bali pia na maneno mepesi ambayo kila mmoja hudhani anayaelewa.

Istilahi

Neno "homoni" limetokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Mwanafiziolojia Ernest Starling alilitumia jijini London mwaka 1905. Homoni hutolewa na tezi na kusafiri katika damu hadi kwenye viungo zinavyoviamuru. Baadhi hubadilika kwa saa: kotisoli huwa juu asubuhi na kushuka kuelekea jioni. Ndiyo maana damu huweza kutolewa saa mbili asubuhi na tena saa kumi jioni. Insulini nayo hupanda mtu anapokula. Kwa hiyo kipimo chake cha asubuhi huhitaji tumbo tupu tangu usiku.

Shangazi aliposikia "homoni" alifikiria sindano ya kupanga uzazi. "Mwanangu, umri huo nimeuvuka," aliniambia. Kosa hilo lilirekebishwa kwa sentensi moja. La pili halikurekebishika siku hiyo.

Agizo

Wiki iliyotangulia aliambiwa: "Usile kitu kabla ya kuja." Alitoka Nguni alfajiri.

"Mama, umekula?" aliuliza mtaalamu wa maabara.

"Sijala, daktari."

"Hata chai?"

"Chai nimekunywa. Chai si chakula."

Ilikuwa chai ya maziwa na sukari. Kotisoli ilipimwa, insulini ikaahirishwa. Tulikaa kwenye benchi hadi jioni tukijua kwamba nauli nyingine ingepaswa kutafutwa.

Shangazi hakusema uongo. Kiswahili hutenganisha kula na kunywa, na Kikamba vilevile: kũya na kũnyw'a. Tena, kwa wengi kwetu, aliyekula ni aliyeshiba ugali au muthokoi. Mwenye kutoa agizo alikusudia "usitie chochote tumboni". Msikilizaji akapokea maana ya kawaida ya kitenzi. Neno "funga" nalo lina hatari yake: Mwislamu aliyelizoea huenda akajinyima hata maji, ambayo katika kipimo hiki yanaruhusiwa.

Tunapendekeza agizo kama hili: "Kuanzia saa tatu usiku usile chakula chochote, wala usinywe chai, uji, maziwa au soda. Maji matupu unaruhusiwa. Kama unatumia dawa, muulize daktari utazimeza lini." Kisha mgonjwa aulizwe: "Asubuhi hiyo utakunywa nini?" Jibu lake litaonyesha kama ameelewa.

Hitimisho

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 kinataka mgonjwa apewe maelezo, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Wataalamu wetu wamefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 ni ushahidi. Kazi iliyosalia kwetu wanafunzi ni kukusanya maagizo yanayotolewa kliniki, kuyapima kwa masikio ya wanaoyapokea, na kuyaandika upya. Shangazi alirudi Mwingi wiki iliyofuata, akiwa amekunywa maji tu.