Pistoni kwanza, kuchonga baadaye

*Fundi, nina Hiace yenye injini ya 3L, niliachiwa na marehemu mume wangu. Inabeba abiria kati ya Rulenge na Ngara mjini. Tangu mwaka jana inakula oili, inatoa moshi wa bluu ikipanda milima, na asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Fundi wetu ameifungua, anasema bloku ikachongwe. Yuko mtu Nyakanazi anayesema atapiga msasa na kuweka ringi mpya tu, kwa bei ndogo. Wengine wananiambia Kahama, wengine Mwanza. Hela niliyonayo ni ya mara moja. Niende wapi?*
*Mama wa Rulenge*

Pole sana kwa msiba, mwanangu.

Nianze na huyo wa Nyakanazi, maana bei yake inavutia. Mwambie fundi wako aingize kidole juu ya silinda, karibu na ukingo, ashuke nacho taratibu. Kucha ikikwama kwenye kingazi, basi chini ya hapo ukuta umeshaliwa. Msasa hauondoi kingazi hicho, wala haurudishi silinda kuwa duara. Ringi mpya zitagonga ukingo na kukatika, na kampresheni itaendelea kuvuja. Zipo injini ambazo ringi peke yake zinazitosha, lakini hilo hujulikana kwa kupima. Huyo bwana amekutajia bei kabla ya kupima chochote, na mimi simwamini kwa sababu hiyo tu.

Sasa Kahama au Mwanza. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya gridi ya Taifa, wakati mashine kubwa ya kuchonga silinda inataka umeme wa fezi tatu usioyumba. Ndiyo maana tumezoea kupeleka kazi hii mbali. Leo mtambo wa umeme wa Rusumo una megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na natamani sana kuona vijana wetu wa Benaco wakifungua karakana ya namna hiyo hapa hapa nyumbani.

Kahama iko kwenye njia ya malori ya Kigali na Bujumbura, kwa hiyo mafundi wake wanakutana na dizeli kila siku. Malori mengi yanarudi Dar es Salaam bila mzigo. Dereva unayemfahamu anaweza kukuchukulia bloku pale Nyakahura. Mwanza unakwenda kupitia Biharamulo, Bwanga, Katoro na Geita, na tangu daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3 lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kulala ukisubiri kivuko. Maduka ya vipuri Mwanza ni mengi zaidi. Ningekuwa wewe ningeanza na Kahama kwa ajili ya nauli, lakini ningekuwa tayari kuondoka na bloku yangu kama nisingeridhika.

Utaridhika kwa lipi? Usitazame ukubwa wa mashine. Mwambie mchongaji akuonyeshe anachopimia. Silinda ya 3L ina kipenyo cha milimita 96, na nafasi kati yake na pistoni ni kama unene wa unywele. Akitoa venia peke yake, mshukuru uende zako, kwani venia haiwezi kusoma kitu chembamba hivyo kwa uhakika. Anatakiwa awe na maikromita na geji ya saa inayoingia ndani ya silinda. Kila silinda hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Hizo ni namba sita, na kwa silinda nne ni namba 24. Omba uandikiwe zote kwenye karatasi. Karakana nzuri haitaona ni usumbufu.

Halafu nunua pistoni kabla mashine haijawashwa. Hapa mimi niliumia. Nilipeleka bloku kama yako kwenye karakana moja, wakaichonga kwa saizi 0.50 nami sijanunua chochote. Pistoni nilizopata dukani ziliandikwa 0.50 kweli, ila zilikuwa nyembamba kidogo kuliko walizozizoea wao. Zikacheza. Injini ikawa inagonga kila asubuhi, na baada ya miezi michache nikachonga tena saizi ya juu zaidi, kwa pesa niliyokuwa nimeitenga kwa ada ya shule. Mchongaji apime pistoni zako, kisha achonge kila silinda kwa pistoni yake.

Hapo hapo wapime kranki na wapimie hedi kwa presha ya maji, isiwe na ufa. Kofia za beringi za kranki zitiwe alama kabla ya kufunguliwa, maana kila moja ina mahali pake. Bloku ikishatoka kwenye mashine ioshwe kwa maji ya moto, sabuni na brashi, mpaka kitambaa cheupe kikipita ndani ya silinda kitoke cheupe, kisha ipakwe oili papo hapo. Chembe za jiwe la kupolishia zikibaki, zitakula ringi mpya ndani ya wiki chache.

Kuna watakaokwambia ununue injini ya mtumba kutoka Japani. Hiyo iwe ya mwisho, kama bloku yako ina ufa, maana muuzaji mwenyewe hajui imetembea kiasi gani.

Na mwambie fundi wako akague mpira unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye injini. Ukiwa umepasuka, vumbi la barabara ya Rulenge ndilo lililokula silinda zako, na litakula na hizo mpya. Gari likirudi, lipe siku za mwanzo bila mzigo mzito, na ubadilishe oili kabla ya kilomita 1,000.

Ile karatasi ya namba 24, nitumie nakala yake kabla hujanunua pistoni wala kutoa shilingi ya kuchonga. Nitaisoma nikujibu kama kweli bloku inahitaji mashine.