Saratani ya Ovari: Mbegu Haioti Bila Udongo



Tukikutana nanyi Kayole, Dandora, Umoja au Jericho, akina mama hutuuliza: kwa nini saratani ya ovari mara nyingi hujulikana wakati tumbo limeshajaa? Somo hili linajaribu kujibu. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

1. Ugonjwa wenyewe

Ovari ni vifuko viwili vidogo vya mayai, kimoja kila upande wa mji wa mimba. Saratani ni seli za mwili zilizokataa kufuata utaratibu, zikaongezeka ovyo. Aina inayopatikana zaidi mara nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, ndipo inahamia ovari. Mwaka 2022 wanawake zaidi ya 320,000 duniani walipatikana na ugonjwa huu, na zaidi ya 200,000 walifariki kutokana nao.

2. Mbegu na udongo

Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari mpasuaji wa Uingereza, alichunguza rekodi za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba ugonjwa haukuenea popote tu, bali ulipendelea viungo fulani. Akasema seli za saratani ni kama mbegu: hupeperuka kila upande, lakini huota pale tu udongo unapozikubali.

Hata sisi wa mitaani tunaelewa jambo hili. Chukua pakiti moja ya mbegu za sukuma wiki. Nusu zipande kwenye gunia la udongo na samadi, nusu zimwage kwenye kokoto za ploti. Mbegu ni zile zile, lakini mavuno hayatafanana.

3. Udongo wa tumboni

Saratani nyingi husafiri kwa damu. Ya ovari mara nyingi hupita njia fupi: seli hubanduka, huelea katika maji kidogo yaliyomo tumboni, na kutua kwa jirani. Aliyewahi kuchinja mbuzi ameona ule utando wa mafuta kama wavu, uliofunika matumbo. Binadamu pia anao, awe mnene au mwembamba. Mbegu hizi hupenda sana kutua hapo. Kwa nini?

*Chakula kipo.* Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba seli za mafuta za utando huo hutoa kemikali zinazovuta seli za saratani, halafu huzipa mafuta yao, nazo huyatumia kama kuni za jikoni.

*Mafundi wamedanganywa.* Mwili una seli zinazoshona vidonda. Saratani huzifanya ziendelee kushona bila kuacha, zikijenga nyuzi ngumu ambazo huishikilia na kuifichia dawa. Mwaka 1986 daktari Harold Dvorak wa Marekani aliufananisha uvimbe wa saratani na kidonda kisichopona.

*Askari wamegeuzwa.* Baadhi ya seli za kinga, zilizotakiwa kupigana na adui, huanza kumlinda.

*Maji yanaingia.* Uvimbe ukikosa oksijeni hutoa kemikali ya kuita mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo huvuja, na mifereji ya kuondoa maji huziba. Ndipo tumbo linajaa.

Hapo tumepata jibu la swali letu. Tumboni kuna nafasi, na kuna udongo mzuri. Ugonjwa unaweza kuenea humo kwa muda kabla mama hajaona kitu kikubwa.

Lakini tuelewane. Hii si kusema ati ukila mafuta umelisha saratani, au mama mgonjwa amejiletea. Tusimwongezee mzigo wa lawama.

4. Tiba inashughulikia mbegu na udongo

Daktari akipasua, mara nyingi hutoa ovari, mirija na mji wa mimba, na pia ule utando wa mafuta. Sasa tunajua sababu. Halafu mgonjwa hupewa dawa za kuua seli za saratani. Ziko pia dawa zinazozuia mishipa mipya ya damu, yaani zinazonyima mbegu udongo wake.

Kutoa maji tumboni kwa sindano humpa mama nafuu, anapumua na kula. Lakini mbegu bado ziko, kwa hiyo asiache kliniki. Na zile chupa za "kusafisha tumbo" zinazouzwa sokoni na kwenye stendi hazibadilishi udongo huu. Zinachokula ni pesa na wakati.

5. Dalili za kuangalia

- Tumbo kuvimba na kutorudi
- Kushiba upesi au kukosa hamu ya kula
- Maumivu ya tumbo la chini
- Kukojoa mara kwa mara au kwa haraka

Dalili hizi hufanana na za amiba, vidonda vya tumbo au gesi, na mara nyingi huwa ni hayo tu. Lakini zikiwa mpya, na zikija siku 12 au zaidi kwa mwezi, hasa kwa mama aliyepita miaka 50, aende kituo cha afya aombe kupimwa ovari kwa picha ya ultrasaundi. Akihitaji kupelekwa mbele, aombe barua ya rufaa ya Mama Lucy Kibaki au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kama mamake, dadake au shangazi yake aliugua saratani ya ovari au ya matiti, aseme mapema.

Kumbukeni: kupimwa mlango wa mji wa mimba ni kuzuri, lakini hakuonyeshi ovari. Na hakuna kipimo cha kupima wanawake wote wasio na dalili ambacho kimethibitika kuokoa maisha. Uingereza walijaribu kwa wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo ya mwaka 2021 hayakuonyesha vifo kupungua. Kwa hiyo macho yetu na ya majirani ni muhimu.

6. Kikundi kifanye nini?

Mama hachelewi kwa kutojua tu. Huchelewa kwa kukosa nauli, kwa aibu, na kwa kuogopa kufunga kibanda. Kila mwanachama ajiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Tengeni kiasi kidogo cha pesa za chama kwa nauli na vipimo. Chagueni wawili wa kumsindikiza mgonjwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, mama tumbo likivimba watu husema nini kwanza?
2. Ni nani kati yetu amelalamika kwa wiki kadhaa, na sisi tukanyamaza?
3. Akienda hospitali kesho, nani atauza mboga zake?