Chumba cha Kando: Piga Hesabu Kwanza

Ile nafasi tupu kando ya nyumba yaweza kuwa chumba. Lakini kuta za udongo bila paa zikinyeshewa, jasho limepotea bure. Kwa hivyo:

1. Pima. Upana wa mita 3 wahitaji mabati 5: kila moja hufunika kama sentimita 75 yakipandana, nayo ziada ni ya ukingo.
2. Andika yote: nguzo, mbao, misumari, mlango, usafiri, fundi.
3. Uliza bei maduka matatu.
4. Kila shilingi 100, ongeza 10 za dharura.
5. Hazitoshi? Punguza chumba, karo usiguse. Nunua mabati mapema, simiti mwisho, kwani ikikaa huganda.
6. Fundi mlipe kwa hatua.

Swali: Katika orodha yako, ni nini umesahau?