Bastola ya Kubeba Kila Siku: Maswali Yanayonitia Hofu

Barua nyingi ninazoletewa na ndugu zetu wa Afrika Mashariki walioko Houston, Dallas na Columbus zinataka jina la bastola tu. Mimi hufundisha shabaha hapa Texas, na jina la bastola ndilo linalonisumbua kidogo kuliko yote. Namna ya kujaza risasi utafundishwa uwanjani. Hapa nimejibu yale ambayo mtu akiyakosea anafungwa au anazikwa.

Niko hapa kwa viza ya masomo. Wenzangu wanasema Texas haidai tena leseni, kwa hiyo naruhusiwa kubeba. Ni kweli?

Si kweli, na uvumi huu umeshawaponza watu. Sheria iliyoanza tarehe 1 Septemba 2021 ilimwondolea leseni ya kubeba mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye tayari anaruhusiwa kumiliki bastola. Wewe huruhusiwi. Sheria ya shirikisho inawakataza wenye viza za muda, wanafunzi na wageni wakiwemo, kumiliki silaha au hata risasi moja, ukiacha vighairi vichache kama vya wawindaji wenye kibali. Adhabu inafika miaka 15 jela, na baada ya hapo kuna kurudishwa kwenu. Mwenye grinikadi anaweza kununua.

Dada kadhaa wenye uraia wameniuliza kama wanaweza kumnunulia mume au kaka mwenye viza ya namna hiyo. Hapana. Fomu ya dukani inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na ukidanganya mtashtakiwa nyote wawili.

Mke wangu ana mikono midogo. Muuzaji amempendekezea rivolva nyepesi ya risasi tano. Itamfaa?

Haitamfaa, na ningependa wauzaji waache kabisa kuwapa wanawake ushauri huu. Wanaona mwili mdogo, wanaona bastola ndogo, wanadhani vimepatana. Chukua Smith & Wesson 642, ambayo hupendekezwa mno. Ikiwa tupu ina gramu 410 hivi, lakini kuvuta triga yake kunadai nguvu ya karibu kilo 5. Mwangalie anayeanza akiishika: kidole kinavuta, kiganja kizima kinakaza, mdomo wa mtutu unainama kabla risasi haijatoka, na tundu linatokea chini kabisa ya karatasi ya shabaha. Mtutu ni mfupi, alama za kulengea zimekaribiana, kwa hiyo jicho haligundui kosa dogo.

Halafu kuna teke lake. Risasi ileile ikitoka kwenye bastola nyepesi humrudi mpigaji kwa ukali kuliko ikitoka kwenye bastola nzito, kwa sababu uzito ndio unaomeza ile nguvu. Baada ya risasi kumi na kitu, ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada imeiva wekundu, na ameanza kufumba macho kabla ya mlio. Mazoea hayo yakishaingia, kuyatoa ni kazi ya miezi. Wengi huifungia bastola kabatini wasiiguse tena, kisha wanajihesabu kuwa wana ulinzi.

Glock 19 ni kubwa zaidi, gramu 600 hivi bila magazini, triga yake inadai takriban nusu ya nguvu ile, na inachukua risasi 15. Ni ngumu zaidi kuificha chini ya blauzi, hilo nakubali. Katikati yake ipo SIG Sauer P365, iliyotoka mwaka 2018, ndogo lakini yenye magazini ya risasi 10. Nenda naye uwanja unaokodisha, apige zote tatu, na anunue ile anayoipiga vizuri.

Utaniambia hana nguvu ya kuvuta slaidi. Karibu kila anayesema hivyo huibana kwa ncha za vidole viwili. Aikamate kwa juu na kiganja kizima, mikono karibu na kifua, mtutu ukielekea shabaha, kisha mkono ulioshika bastola usukume mbele. Nimewaona akina bibi wakiweza mara ya kwanza.

Milimita 9 inatosha, au nichukue kubwa zaidi?

Barua za aina hii ni nyingi, nazijibu kwa pamoja: inatosha. Baada ya mapigano ya Miami ya Aprili 1986, yaliyoua maajenti wawili, FBI walihamia milimita 10, kisha .40. Mwaka 2014 kitengo chao cha mafunzo kikaeleza kwamba risasi za kisasa za milimita 9 zinafika kina kinachotakiwa, na kwamba maajenti wengi hulenga vizuri zaidi nazo. Wakarudi kwenye milimita 9.

Naiweka kwenye mkoba wangu, ndani ya mfuko maalumu wenye zipu. Mwanangu ana miaka miwili.

Itoe leo. Desemba 2014, dukani Walmart, Hayden, Idaho, mtoto wa umri huohuo aliifikia bastola ndani ya mkoba wa mama yake, mkoba uliotengenezwa kwa kazi hiyo, akampiga risasi akamuua. Mkoba huachwa kwenye troli, kwenye kiti, sakafuni kanisani. Silaha ikae mwilini mwako au kwenye sanduku lenye kufuli.

Mimi huichomeka tu kiunoni. Ala ni lazima?

Ni lazima, tena iwe ngumu na ifunike triga yote. Mwaka 2008 Plaxico Burress, mchezaji wa New York Giants, aliichomeka hivyohivyo, akajipiga risasi ya paja, na akafungwa kwa kubeba bila leseni ya New York.

Naweza kwenda nayo New York? Na Nairobi?

New York hawatambui leseni ya Texas. Nairobi usijaribu, na pekua begi lako: risasi moja iliyosahaulika ni kesi.

Mume wangu amepoteza kazi, usingizi hapati, na anasema tungepumzika asingekuwepo. Bastola iko chumbani.

Dada, hili lisingoje kesho. Mwaka 2021 risasi ziliua watu zaidi ya 48,000 Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua. Mtu aliyezidiwa akivuka usiku mmoja mbaya mara nyingi hupona. Kwa bastola ni wachache wanaobaki hai. Mwombe ndugu au rafiki anayeruhusiwa kisheria aje aichukue pamoja na risasi zote, akaitunze kwake. Mwulize mume wako waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Piga 988, usiku au mchana, ni bure, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Akiwa ameshaishika mkononi, toka na watoto kwanza, kisha piga 911.