Hakimiliki ya Kidijiti katika Mikataba ya Biashara

Mtu aandikaye kitabu, atungaye wimbo au atengenezaye programu ya kompyuta huwa na haki, kwa muda uliowekwa na sheria, ya kuamua ni nani aweza kuinakili kazi yake. Haki hiyo huitwa hakimiliki. Muda huo ukiisha, kazi huwa mali ya umma. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi kanuni za haki hiyo zinavyoingizwa katika mikataba ya biashara, na kwa nini jambo hilo lawahusu walimu na wanafunzi.

Kusoma ni Kunakili

Msomaji wa kitabu cha karatasi hanakili kitu. Lakini ili maandishi yaonekane katika kioo cha kompyuta, ni lazima mashine itie kwanza nakala katika kumbukumbu yake. Kwa hiyo kusoma na kuazima, mambo ambayo zamani hayakugusa haki ya kunakili, sasa huambatana nayo. Tena nakala ya kidijiti haipungukiwi na chochote ikilinganishwa na asili yake. Kwa sababu hiyo wachapishaji hutumia kufuli za kidijiti, yaani hulifumba faili kwa hesabu za siri hata lisisomeke bila ufunguo.

Kiwango cha Mataifa

Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 ndio msingi wa hakimiliki baina ya mataifa. Siku hizi kiwango chake cha chini, kwa kazi nyingi, ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mkataba wa TRIPS, ulioanza tarehe 1 Januari 1995 chini ya Shirika la Biashara Duniani, ulikichukua kiwango hicho na kuagiza programu za kompyuta zilindwe kama maandishi. Tangu hapo nchi ikishindwa katika shauri la hakimiliki na isijirekebishe, yaweza kuwekewa vikwazo hata katika bidhaa nyingine kabisa. Nchi zilizo katika orodha ya maendeleo duni zimeahirishiwa sehemu kubwa ya masharti ya TRIPS hadi tarehe 1 Julai 2034. Mwaka 1996, huko Geneva, mkataba mwingine ulizitaka nchi zilizouridhia zizuie kwa sheria uvunjaji wa kufuli za kidijiti.

Kupita Kiwango

Mwaka 1998 Marekani iliongeza muda wake kuwa uhai na miaka 70, kisha ikaudai muda huo kwa wenzake katika biashara. Australia iliukubali katika mkataba wa mwaka 2004. Nchi 12 za pande za Bahari ya Pasifiki zilitia saini masharti kama hayo mwaka 2016. Marekani ilipojitoa mwaka 2017, nchi 11 zilizosalia zilifanya mkataba mpya mwaka 2018, zikavisimamisha vifungu vya miaka 70 na vya kufuli. Hapo yaonekana kwamba kwa nchi nyingi masharti hayo yalikuwa bei ya kuingia sokoni: mwenye soko alipoondoka, bei nayo iliwekwa kando. Lakini Kanada, iliyokuwa miongoni mwa hizo 11, iliongeza muda wake mwaka 2022 kutokana na mkataba mwingine na Marekani na Meksiko.

Yatupasayo Kupima

Hapana ubishi kwamba mtunzi astahili ujira wake. Hata hivyo, miaka 20 inayoongezwa huja baada ya kufa kwake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa kipimo cha miaka 50, hakimiliki ya vitabu vyake hukoma mwisho wa mwaka 2012. Kwa kipimo cha miaka 70, hukoma mwisho wa mwaka 2032. Kufuli nayo haihesabu miaka: huendelea kufunga hata kazi iliyokwisha kuwa mali ya umma.

Sheria ya nchi hurekebishwa na Bunge lake, bali mkataba hauguswi bila ridhaa ya upande wa pili. Kwa hiyo yafaa shule na maktaba zieleze mahitaji yao kabla saini haijatiwa.

Maswali

1. Mtunzi alifariki mwaka 1980. Hakimiliki yake itakoma lini kwa kila kipimo?
2. Je, maktaba iruhusiwe kuvunja kufuli ya kazi iliyokwisha muda? Toa sababu.