Moroni: Nenda Mvua Ikinyesha

Wengi wanaofika Moroni hawakuifuata Moroni. Mmoja anangoja boti ya kisiwa cha Mwali, mwingine kaja kupanda mlima wa Karthala, wa tatu ni mfanyabiashara aliyetoka Kariakoo na marobota yake na hana haja na jingine. Mji mkuu wa Komoro wanaupa usiku mmoja, na wakiondoka wanausema: mvua haikatiki, umeme unakatika, ufukwe wa bandarini umejaa takataka. Yote matatu ni kweli. Hata hivyo, nikipewa tiketi moja nichague kati ya Unguja na Moroni, nitachukua ya Moroni bila kusita. Mji Mkongwe wa Unguja siku hizi umepangwa kwa ajili ya mgeni, kila hatua chache duka la picha za tingatinga. Vichochoro vya Badjanani, mji wa kale wa Moroni, bado ni vya wenyewe, na mgeni anapita humo kama anavyopita uani kwa watu: kwa salamu na kwa adabu.

Kuhusu majira sikubaliani na ushauri unaotolewa kila mahali, kwamba uende kati ya Juni na Septemba, wakati wa kusi, kukiwa kukavu. Ushauri huo hauhesabu gharama. Julai na Agosti ndipo Wangazija, watu wa kisiwa hiki cha Ngazija, walioko Ufaransa, hasa Marseille, wanaporudi kwao kuoa na kuozesha. Wenyeji wanawaita *je viens*. Anda, yaani ile harusi kubwa ambayo mwanamume wa Ngazija asipoifanya hahesabiwi mtu mzima kamili hata akiota mvi, inakusanya ukoo mzima na akiba ya miaka. Nauli za ndege zinapaa, vyumba havipatikani, na dereva aliyezoea kuhesabu faranga anaanza kuhesabu euro. Ukialikwa, nenda, hutajuta. Usipoalikwa, utakaa pembeni ukilipia harusi ya watu.

Mimi nasema nenda Novemba, kashkazi inapoingia. Moroni hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Dar es Salaam, kwa sababu imekaa upande wa magharibi wa kisiwa, chini ya Karthala wenye urefu wa mita 2,361, na mawingu yanayotoka baharini yanaugonga mlima na kumwaga yote hapo hapo. Novemba mvua hiyo inashuka kwa kishindo, inaosha mji, kisha inakuachia muda wa kutembea. Kuanzia Januari hadi Aprili sikushauri: inazidi, na ndiyo miezi ya vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita hapo Aprili 2019 na kuacha mapaa chini. Chukua viatu vyenye soli inayoshika. Mawe meusi ya volkano yaliyotandikwa katika mji wa kale yakilowa yanateleza kama sabuni, na mwavuli hautakusaidia kitu kwenye vichochoro ambamo watu wawili wanapishana kwa shida.

Sasa kichekesho cha mji huu: mvua yote hiyo, na bombani hamna maji. Ngazija haina mto hata mmoja wa kudumu. Ardhi yake ni lava yenye matundu, inayonywa kila tone na kulipeleka chini hadi baharini. Ndiyo maana nyumba nyingi za kisiwa zina birika la kukinga maji ya paa. Mwaka 2005 Karthala ulipotapika majivu, mabirika hayo yalichafuka na vijiji vikabaki na kiu huku mawingu yakiwa juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo unapotafuta chumba usianze na bei. Uliza kwanza: mna tangi? Mna jenereta, na inawashwa saa ngapi? Chumba cha bei ya kati chenye majibu mazuri kwa maswali hayo mawili kinapita hoteli ya kifahari yenye bwawa la kuogelea na bomba linalokohoa.

Mzigo. Hapa nina kinyongo. Ndege ya kutoka Dar es Salaam inachukua zaidi ya saa moja kidogo, na nusu ya abiria ni wafanyabiashara wanaorudi na bidhaa: nguo, vyombo, vipuri, magodoro yaliyokunjwa yakafungwa kamba. Ndege ina uzito wake, kwa hiyo kuna mabegi yatakayobaki, na begi la mtu mwenye mzigo mmoja halina mtetezi. Langu lilibaki. Hakuna aliyeniambia Dar, na kule uwanja wa Hahaya nilijibiwa kwa upole kwamba litakuja na ndege inayofuata. Inayofuata lini, mtu hajui. Uwanja uko kama kilomita 20 kaskazini mwa mji, na teksi ya kwenda kuulizia, kurudi, na kwenda tena kulichukua ilikuwa ya mfukoni mwangu. Weka mkononi nguo za siku mbili, dawa zako, na chaja yenye plagi ya Kifaransa, ile ya vijiti viwili vya mviringo. Ya pembe nne ya kwetu haiingii popote.

Viza unapewa uwanjani, nayo unalipa kwa euro taslimu. Euro ndizo za kubeba, na noti ndogo ndogo. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro: euro moja ni faranga 491.97, wiki hii na wiki ijayo, kwa hiyo anayekunong'oneza kwamba ana "bei nzuri ya leo" anakupotezea muda. Wezi wenyewe wanafanya kinyume. Wanakutajia bei kwa faranga, ukitoa euro wanaibadilisha kwa 400, na tofauti inabaki kwao. Mlangoni pa uwanja nilihesabiwa hivyo na kijana mwenye tabasamu zuri sana. Dawa yake ni kubadilisha kiasi kidogo benki siku ya kwanza, na tangu hapo kulipa faranga kwa kila kitu. Mashine za ATM ni chache, na umeme ukienda nazo zinakwenda. M-Pesa yako imeishia Dar. Ijumaa mchana usitegemee benki wala ofisi yoyote, na faranga zitakazobaki zitumie kabla hujapanda ndege, maana nje ya Komoro hakuna wa kuzibadilisha.

Mjini watu wanatumia teksi za kuchangia. Unasimama kando ya barabara, teksi inapunguza mwendo, unataja mtaa, dereva anatikisa kichwa au anakukaribisha ukae juu ya paja la mtu. Nauli ni faranga mia chache tu. Njia inafuata abiria waliokutangulia, kwa hiyo safari ya dakika tano inaweza kukuzungusha mji mzima. Mimi naihesabu kuwa ndiyo matembezi bora ya Moroni kwa bei hiyo. Mtego ni teksi tupu. Unaingia, dereva hasimamishi mtu mwingine hata mmoja, mkifika anasema umeikodi, bei mara kumi. Kabla hujafungua mlango hakikisha ametamka mwenyewe kwamba ni ya kuchangia, na bei aitaje. Mvua ikianza, teksi zote zinakuwa zimejaa ghafla, na hakuna pesa itakayobadilisha hilo. Usipange miadi ya saa kamili, na usimpe dereva jina la barabara. Mpe jina la msikiti, skuli au duka. Na magari hupita upande wa kulia, kama Ufaransa. Sisi tuliozoea kutazama kulia kwanza, hapo tutazame kushoto.

Lugha haitakusumbua. Kifaransa kitakufaa ofisini, lakini sokoni wengi wamekaa Dar au Zanzibar na Kiswahili chao ni kizuri. Wakisema wao kwa wao kwa Kingazija utashika neno moja moja, na utatamani kushika zaidi.

Soko la Volo Volo, ambalo kila mtu atakupeleka, ni la kupita tu. Bidhaa nyingi zimetoka Kariakoo, kwa hiyo unakuwa umesafiri ng'ambo kutazama ndoo ulizoziacha nyumbani, bei juu. Yenye maana ni matatu. Vanila: ukinunua, likunje ganda lake kwenye kidole, likivunjika ni la zamani. Mafuta ya mlangilangi, ambayo Komoro ni miongoni mwa wauzaji wake wakubwa duniani: nunua kidogo, kwa mtu anayekuruhusu kunusa kabla hajafunga. Na kofia za mkono. Hapa watakuonyesha ya mashine kwa bei ya mkono. Igeuze ndani nje: ya mkono ina mishono isiyolingana kabisa, na aliyeishona huwa tayari kukueleza imemchukua muda gani.

Msikiti wa zamani wa Ijumaa, ule mweupe wa matao uliopo ukingoni mwa maji, unahesabiwa tangu 1427 na ndio ulio kwenye kila picha ya Moroni. Safari hii picha hazikudanganya. Asiye Mwislamu abaki nje, na mwenye kutaka kuingia aulize wazee waliokaa karibu. Lakini usisimame hapo dakika tano uondoke. Kaa ukutani utazame bandari. Ina kina kifupi, meli kubwa haziingii. Zinatia nanga nje na shehena inashushwa kwenye matishari, kontena kwa kontena, huku bahari ikiinuka na kushuka. Ukitaka kujua kwa nini kopo la maziwa ni ghali Moroni, jibu liko mbele yako linayumba. Takataka zimo, harufu imo. Mimi nimekaa pale saa nyingi kuliko mahali pengine popote mjini.

Makumbusho ya taifa, katika jengo la kituo cha utafiti cha CNDRS, ni vyumba vichache tu na huenda ukawa peke yako. Nenda kwa ajili ya gombessa, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na wa pili hapa Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa visiwani walikuwa wakimjua siku zote. Nyama yake hawakuisifu.

Galawa, kaskazini, achana nayo. Mchanga mweupe upo, hoteli iliyopapa jina ilifungwa zamani ikabomolewa, na mtu wa pwani yetu hana sababu ya kulipa teksi ya kwenda na kurudi kuona mchanga mweupe. Itsandra ni karibu zaidi; Jumapili imejaa vijana na mpira, siku nyingine ni tulivu. Kwangu uzito wa Itsandra ni kwamba hapo ndipo alipozaliwa, mwaka 1861, Sheikh Ahmad bin Sumeyt, aliyekuja kuwa kadhi mkubwa wa Zanzibar. Kama una siku moja tu ya kutoka, toka kwenda Iconi, upande wa kusini. Kuna jabali juu ya bahari, ambako inasimuliwa kwamba wanawake wa mji walijirusha kuliko kuchukuliwa watumwa na wavamizi kutoka Bukini. Wazee wa bangwe, ile baraza ya mawe ya wanaume, watakusimulia wenyewe, ukiwa na subira na umevaa vizuri.

Chakula: kamba-mkubwa wa vanila ambaye hoteli zinamtangaza ni wa bei ya watalii, na vanila inaua ladha ya kamba. Jioni kula barabarani, mabawa ya kuku ya kuchoma na ndizi na putu, ile pilipili yao inayotoa machozi. Mchana tafuta nyumba inayopika mataba, kisamvu cha nazi chenye samaki. Ramadhani, mchana hutapata kitu na usitafute.

Anayetaka Karthala, kanuni yangu ya Novemba haimfai. Aende wakati wa kusi, na mwongozaji, na aanze usiku, maana mchana mlima unajifunika.

Kuhusu boti nitakuwa mkali. Zile fiberi ndogo zinazovuka kutoka Chindini kwenda Mwali hazina kivuli wala hesabu ya abiria, na maboya ya kuokolea mara nyingi ni ya kuombwa. Watu wanazama katika bahari hii. Panda ndege, au ngoja boti kubwa ya bandarini, na ukiingoja jua kwamba ratiba yake ni ya nahodha na upepo. Anayekuuzia tiketi ya "kesho saa mbili kamili, hakika" mlipe kesho saa mbili, umeiona boti na mashine inanguruma. Na kati ya siku ya boti na siku ya ndege yako ya kurudi, acha siku mbili tupu.