Homa Haingoji Asubuhi: Kijitabu kwa familia yenye kijana anayetibiwa saratani

Kwa nini tumekiandika

Malalamiko yamekuwa mengi, na yanatoka pande mbili. Wauguzi wa wodi za saratani wanasema vijana wanaletwa wakiwa hawajitambui, baada ya homa kuhangaikiwa nyumbani siku mbili, tatu. Wazazi nao wanasema walifika hospitali usiku, wakapangwa foleni moja na watu wa mafua, kisha wakaambiwa warudi asubuhi maabara ikifunguliwa. Pande zote mbili zina haki ya kulalamika. Kwa hiyo kijitabu hiki hakielezi kila jambo kuhusu saratani. Kimeshika jambo moja, nasi tutalirudia hata mkichoka kulisikia: kijana aliye kwenye kemo akipata homa, hiyo ni dharura, na mwende hospitali saa hiyohiyo.

Tunajua wengi wenu hamviamini vijitabu vya ofisi. Mmeahidiwa mengi na mengine hayakutimia. Hata hivyo kisomeni, kisha mkamuulize daktari wa mtoto wenu kama tumewadanganya.

Homa hii siyo mliyoizoea

Majumbani mwetu homa huja na jina lake. Mtoto akichemka, wa kwanza kusema husema malaria. Kipimo kikikataa, inakuwa taifodi. Dawa zinafuatwa duka la jirani, mtoto anafunikwa khanga, watu wanalala. Kwa mdogo wake aliye mzima huenda mkavuka salama. Kwa kijana wa kemo, usiku huo unaweza kuwa wa mwisho.

Dawa za kemo huua chembe zinazozaliana haraka. Chembe za saratani ni za namna hiyo, lakini hata uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, ni wa namna hiyo. Ndiyo sababu siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dozi za kemo nyingi, chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu hushuka mno. Hapo bakteria walioishi mdomoni, tumboni na juu ya ngozi ya kijana tangu utotoni bila kumdhuru wanaweza kupenya hadi kwenye damu. Watu huuliza, "Kaambukizwa na nani?" na lawama huanza kuzunguka ndani ya nyumba, kwa dada wa kazi, kwa mgeni aliyekuja Jumapili. Mara nyingi hakuna aliyemletea. Vijidudu ni vyake mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo hata watu waliosoma hulikosa. Usaha mnaouona kwenye jipu, kwa sehemu kubwa, ni chembe nyeupe zilizokufa zikipambana. Kijana ambaye chembe hizo zimemwishia hana usaha wa kutoa. Kidonda chake kitaonekana kisafi. Mahali alipochomwa kanula patakuwa na wekundu kidogo tu. Hata picha ya kifua inaweza kutoka njema huku mapafu yameshaanza kushambuliwa. Homa inaweza kuwa ishara pekee mtakayoipata, na mkiipoteza hiyo, inayofuata ni kushuka kwa presha na kupoteza fahamu.

Na kipimo cha malaria kikionyesha kweli ana malaria? Bado mwende. Mtu anaweza kuwa na malaria pamoja na bakteria kwenye damu usiku huohuo, na dawa ya mseto itatibu malaria peke yake.

Kipimajoto na mambo ya kutofanya

Kila nyumba yenye kijana wa kemo iwe na kipimajoto cha kidijitali. Kinauzwa kwenye maduka ya dawa, na hakuna kifaa kingine kwenye kijitabu hiki tunachowaomba mkinunue. Kiganja cha mama kwenye paji la uso hakitoshi. Pimeni kwapani. Kikisoma 37.5, pigeni simu wodini mpewe maelekezo. Kikisoma 38, ondokeni. Msingoje kipimo cha pili wala cha tatu kuona kama itashuka yenyewe.

Kijana anayemeza prednisoloni huweza kuwa na maambukizi makali bila joto kupanda. Kwa hiyo akitetemeka, akipumua haraka, akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kulegea kuliko jana, ondokeni hata kama kipimajoto kinasema 36.8.

Msimpe panadol kabla ya kuonwa. Wazazi hukasirika tukisema hivi, kwa sababu hakuna anayependa kumtazama mtoto akiungua. Lakini panadol itashusha joto bila kugusa bakteria. Mtafika, daktari wa zamu atapima, atasoma 37, atawaambia mtoto hana shida. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki msimpe kabisa, maana chembe sahani zinazogandisha damu nazo zimepungua, na dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Msikubali achomwe sindano ya msuli dukani.

Lipo na jingine ambalo familia huona aibu kulitaja. Vinkristini, dawa inayotumika kwenye saratani nyingi za vijana, hufunga choo. Siku ya nne au ya tano mtoto analia tumbo, na bibi anajua la kufanya: kumwingizia maji ya dawa kwa njia ya haja kubwa. Kwa huyu mtoto msifanye. Ngozi ya huko ni laini, ikichubuka kidogo tu bakteria wana mlango. Msiweke huko kipimajoto wala dawa yoyote. Ombeni dawa ya kulainisha choo siku ileile anayopewa vinkristini, kabla tumbo halijakaza. Vinkristini yenyewe ilipatikana kwenye ua la rangi ya waridi au nyeupe ambalo wengi wenu mmelipanda uani, lile la asili ya Madagaska. Wapo wanaolichemsha na kumnywesha mgonjwa kwa kusikia habari hiyo. Dawa ya hospitali imesafishwa, imepimwa kwa miligramu na huingia kwenye mshipa tu. Maji ya ua hilo ni sumu isiyo na kipimo.

Mlangoni mwa hospitali

Mkifika, neno la kwanza lisiwe jina la mtoto wala kadi ya bima. Semeni: "Mtoto yuko kwenye kemo, ana homa." Lisemeni kwa mlinzi, kwa mapokezi, kwa muuguzi, na mlirudie kila mnapokutana na mtu mpya. Mkononi muwe na karatasi moja iliyoandikwa na wodi: aina ya saratani, tarehe ya kemo ya mwisho, dawa alizopewa, dawa zinazomdhuru na simu ya wodi. Karatasi hiyo ikae mahali panapojulikana na wote, hata na mdogo wake wa darasa la tano, maana homa haichagui siku mama yupo nyumbani.

Kinachotakiwa ni dawa ya antibayotiki kwenye mshipa ndani ya dakika 60 tangu mfike. Damu ya vipimo itolewe, ndiyo, lakini dawa isingoje majibu. Mhudumu wa afya unayesoma kijitabu hiki kwa sababu mzazi amekuonyesha, maneno haya ni yako pia. Kumwambia mzazi huyu akae kwenye benchi ni kosa. Mzazi, ukikwama, omba kuonana na daktari wa zamu na umpigie muuguzi wa wodi wazungumze wenyewe. Huko si kuleta fujo.

Nendeni hospitali iliyo karibu. Familia ya Kasulu isianze safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza, usiku na mtoto anayechemka. Dozi ya kwanza itolewe hapo mlipo, rufaa ifuate baadaye.

Kuhusu nani anatibiwa bure na bima ipi inalipa nini, masharti ni mengi na hubadilika. Muulizeni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza ya matibabu, kabla deni halijaanza. Pale hospitali ya Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha huwasaidia watoto wenye saratani watibiwe. Ila nauli ya dharura itengeni wenyewe, isiguswe hata kwa ada ya shule, na muwe na namba ya bodaboda au jirani mwenye gari atakayeamka usiku.

Kijana mwenyewe

Tunasema "mtoto", lakini ana miaka 15 au 17, na yeye ndiye anayejua homa imeanza kabla yenu. Tatizo ni kwamba huificha. Mtihani wa kidato cha pili ni wiki ijayo. Au kitanda cha pili wodini kilikuwa cha rafiki yake, na rafiki hakutoka. Au amechoka tu kuwa sababu ya mama kutofungua genge. Mnamuuliza, anajibu, "Niko sawa, mama," na kujifunika.

Msimgombeze. Kijana aliyefokewa safari ya kwanza kwa kuwaamsha hatawaamsha safari ya pili. Mpeni kipimajoto akitunze yeye, ajue namba 38 kama anavyojua tarehe yake ya kuzaliwa, na mwambieni waziwazi kwa nini. Baadhi ya familia humficha hata jina la ugonjwa wake. Hatuwezi kumtaka alinde kitu asichokijua. Akiwa na bibi wa kutaniana naye, mfundisheni bibi pia, maana bibi huambiwa mambo ambayo baba haambiwi. Mpeni na nafasi ya kuongea na daktari bila nyinyi chumbani; msichana anayetokwa na hedhi nyingi kupita kawaida huenda atamwambia muuguzi kabla ya baba yake, na hilo nalo ni la kushughulikiwa siku hiyohiyo.

Wa shule ya bweni ana hatari kubwa zaidi. Matroni awe na kipimajoto, nakala ya ile karatasi, na ruhusa ya maandishi kumpeleka hospitali bila kusubiri mzazi. Shule isiyokubali hayo, kijana aisubiri mpaka amalize dawa.

Kwa nini tunasisitiza

Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto na vijana 400,000 wa hadi miaka 19 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato cha chini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Tanzania imepiga hatua ambazo hatuoni haya kujivunia. Mzazi wa Kanda ya Ziwa anaweza kutibiwa mtoto wake Bugando, wa Kaskazini hospitali ya KCMC, badala ya wote kukimbilia Dar es Salaam. Dawa zinazoponya zinajulikana. Inatuuma kijana ambaye uvimbe wake ulikwisha kuyeyuka akifa kwa homa aliyolala nayo nyumbani.

Homa ikitulia na mkiruhusiwa, msiondoke wodini bila tarehe ya kemo inayofuata. Familia nyingi huona mtoto kanusurika, wanaogopa dawa iliyomfikisha hapo, hawarudi. Leukemia ya vijana mara nyingi hutibiwa miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo kijana anaonekana mzima kabisa. Tarehe iandikwe kwenye ile karatasi, chini ya simu ya wodi, na daktari aweke sahihi mbele yenu.